Pipa Moja la Mafuta

Kafuri peke yake hainishtui tena, nimezika wengi mno. Lakini Alhamisi, matangani kule Majengo, ilinijia pamoja na harufu ya jiko la mafuta ya taa walilokuwa wakichemshia chai kwenye mlango wa uani, na harufu hizo mbili zilipokutana nikajikuta nimeshika mwimo wa mlango. Kijana mmoja akaniletea kiti. "Keti, babu, ni joto hili." Nikaketi.

Tulikuwa tumetoka kumzika mtu wangu wa embe. Kila msimu, kwa zaidi ya miaka ishirini, aliniletea kikapu cha embe mlangoni, akauliza hali, akanipa habari za watoto wake, akaenda zake. Ile siku hatukuizungumza hata mara moja. Nilidhani nafasi ingalipo.

Barazani tulikuwa wanne tuliokula kwa kazi ya ndege: mimi, marubani wenzangu wawili, na mmoja aliyekaa miaka mingi mnarani akiongoza ndege pale uwanja wa Moi, tangu enzi watu walipokuwa bado wakipaita Port Reitz. Wazee wa ndege wakikutana, hata matangani, mazungumzo huishia viwanja vya jeshi na anga zilizofungwa. Nadhani ni kwa sababu huko ndiko tulikoogopa kweli. Dhoruba unaiona inakuja. Mstari uliochorwa kwenye ramani na kutiwa herufi huuoni ukiwa juu: P ni marufuku, R ni kwa masharti, D ni hatari. Chini ni vichaka vilevile na mbuzi walewale.

Wa kwanza akasimulia Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Alikuwa ametoka Malindi asubuhi na wageni wanne, anakwenda uwanja wa Wilson, na Nairobi haimjibu redioni. Abiria mmoja alikuwa na redio ndogo ya betri, akasikia inatangazwa kwamba serikali imepinduliwa. Akageuza juu ya Tsavo, akarudi Mombasa akiwa chinichini, macho yote kwenye mabega ya anga, akingoja ndege ya kivita ambayo haikutokea. Jaribio lilizimwa siku hiyohiyo, na jeshi la anga lenyewe likavunjwa na kuundwa upya.

Wa pili akaja na mwaka 1992, kuanzia Agosti, Wamarekani walipoweka hapa Mombasa kituo cha kupeleka chakula Somalia. Uwanja wa Moi ulijaa C-130, ndege kubwa za mizigo za jeshi, na yeye na kindege chake akawa anangoja nyuma yao, upepo wa propela nne ukimtikisa kama ngalawa mlangoni mwa Kilindini.

Wa mnarani hakuwa na hadithi ya kwake. Alitukumbusha ndege ya Korea, safari nambari 007, iliyotoka New York kupitia Anchorage kwenda Seoul, ikapotea njia na kuingia anga ya Warusi. Tarehe 1 Septemba 1983 ikatunguliwa, watu 269 wakafa. Mwaka uliofuata mataifa yakaongeza kifungu kwenye Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga, kwamba ndege ya raia iliyo angani isipigwe kwa silaha. Akasema vijana wake aliwafundisha hivi: ndege ya kivita ikija ubavuni ikatikisa mabawa, maana yake umekamatwa, nifuate. Nawe tikisa yako, mfuate, uite kwenye masafa ya 121.5. Usibishane. "Kifungu kiko kwenye karatasi," alisema, "na kidole kiko kwenye kitufe."

Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Ilikuwa Novemba 1997. Anayeikumbuka ile El Niño hahitaji kuelezwa. Tana ilivunja kingo zake, barabara ya Garsen ikawa ziwa, mabasi ya Lamu yakasimama. Vurugu za Likoni zilikuwa zimepita miezi mitatu tu, uchaguzi unakuja Disemba, na askari wa pwani nzima walikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

Baba wa mtu wangu wa embe alifariki usiku katika hospitali moja hapa Mombasa. Alikuwa fundi wa mashua, kwao kijiji kimoja kaskazini ya Tana, na aliusia azikwe huko ubavuni mwa mkewe. Jamaa wakachanga, wakaja kuikodi Caravan, ndege ndogo ya injini moja niliyokuwa nikiirusha. Tuling'oa viti vya upande mmoja, jeneza tukalifunga kwa mikanda ya mizigo, shuka ya kijani juu yake. Nyuma wakaketi mwana na ami yake. Maiti alikwisha kuswaliwa baada ya adhuhuri, lakini mvua ilitushika uwanjani mpaka saa tisa na robo, na jua la Novemba halingoji.

Njiani hapakuwa na la kusimulia, ila bahari ya Malindi, ambayo Sabaki ilikuwa imeifanya nyekundu mpaka mbali sana. Halafu Tana. Mto haukuwapo, palikuwa na maji tu yasiyo na ng'ambo, na vichwa vya mikoma.

Kiwanja cha kijijini kilikuwa cha udongo. Nilikipita chini mara mbili. Mara ya pili nikamwona mtoto amesimama katikati ya njia ya kutulia, maji yamemfika magotini, anapunga mikono yote miwili kunikataza. Sijui nani alimtuma. Nikapandisha.

Ningeweza kwenda Manda, uwanja wa Lamu. Ningeweza kurudi Malindi. Nilikuwa na mafuta ya zaidi ya saa mbili. Lakini kutoka Manda ni chombo, kisha barabara iliyokwisha kumezwa, na kutoka Malindi hapapitiki. Mwana akainama karibu na sikio langu. Nilitarajia aniulize kama tunarudi. Akauliza, "Kapteni, tunamrudisha?"

Umbali wa dakika kumi kutoka pale palikuwa na kiwanja cha jeshi, kigumu, kilichoinuka juu ya maji. Jina lake nitaliacha. Kwenye ramani yangu kilikuwa ndani ya duara lenye R, na kibali cha kutua pale kilikuwa kikiombwa siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Niliiita Malindi wanifikishie ujumbe kambini. Jibu likarudi: hapana. Kiwanja kimefungwa kwa raia, rudi ulikotoka.

Hapo ndipo niliposema pan-pan, wito wa shida ya haraka, mara tatu, kama inavyotakiwa. Mayday, wito wa aliye hatarini kufa, ulimi ulikataa. Nikasema taa ya mafuta imewaka upande wa kushoto, na kwamba siamini kama nitafika Malindi wala Manda. Mbele yangu taa hiyo ilikuwa imezima, kioo chake kidogo cheusi, na kwenye kioo hicho niliiona shuka ya kijani kama doa.

Pakapita kimya. Kisha sauti nyingine, ya kambini kwenyewe: "Tua. Zima injini palepale utakaposimama. Asitoke mtu."

Nikatua, nikasimama, nikazima. Wanaoijua injini ile wanaujua mluzi wake inapokufa, unashuka taratibu kama mtu anayemaliza pumzi. Mluzi ulipokwisha nikasikia mabuti. Walikuwa wanane, bunduki zimeelekezwa chini lakini vidole viko mahali pake. Niliweka mikono juu ya dashibodi. Nyuma yangu ami alikuwa anavuta uradi, nikizisikia punje za tasbihi zikigongana moja moja.

Afisa akaja upande wangu, akafungua mlango. Alikuwa mtu wa makamo, na kifuani, juu ya mfuko, alikuwa na mbawa. Nilipoziona mbawa zile tumbo lilinishuka. Angekuwa afisa wa kawaida angeuliza karatasi. Huyu alikuwa rubani.

"Taa ipi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akapanda kidaraja, akaniegemea, bega lake likanigusa kidevu, akanyoosha mkono kushoto kwangu na kuwasha betri mwenyewe bila kuuliza swichi iko wapi. Mishale ya geji ikatikisika, ikapanda. Kushoto ikasimama karibu na nusu. Kulia vilevile. Taa haikuwaka. Akaigonga geji ya kushoto kwa ukucha, mara mbili. Ukucha wa kidole kile ulikuwa umepasuka katikati na kuingia weusi wa grisi. Mshale haukusogea. Tulikaa hivyo, mimi naye, vichwa vyetu viko karibu kama vya watu wanaosoma barua moja. Nikahesabu punje saba za tasbihi.

Akageuza shingo, akatazama nyuma. Jeneza. Mwana, aliyekuwa ameweka kiganja juu yake kulizuia ingawa ndege ilikuwa imesimama. Akavua kofia.

"Taa hii," akasema polepole, "huwaka ikazima?"

Nilielewa ananipa nini. "Huwaka ikazima, afande."

"Mwambie fundi wako aitazame." Akazima betri.

Kilichobaki kilikwenda haraka. Lori la jeshi likaja kinyumenyume. Askari wanne wakashika jeneza, na mmoja wao, kijana wa bara, alimwuliza kwanza ami kama yeye asiye Mwislamu anaruhusiwa kushika. Ami akamwambia, "Shika, mwanangu." Wakaondoka na lori, na baadaye nilipata habari kwamba walimzika jua likiwa linagusa miti.

Mimi nikabaki, na hapa ndipo ninapokwama kila nikifika. Rubani aliyetua kwa sababu mafuta yamemwishia hawezi kuondoka bila mafuta. Afisa alijua, nami nilijua, lakini wale wengine walikuwa wamesikia redio. Likaletwa pipa, likiviringishwa na askari wawili, pipa moja la lita 200. Wakaleta pampu ya mkono na ngazi. Askari mmoja akapanda bawani, mwingine akapampu, nami nikashika mpira. Mafuta ya ndege ile ni ndugu wa mafuta ya taa, harufu ni moja, na mikono yangu tayari ilikuwa na kafuri kwa kufungua mikanda. Kila mzunguko wa pampu nilitaka kusema basi. Yule kijana alikuwa anatokwa jasho kwa ajili ya tangi ambalo halikuwa na haja.

Pembeni ilikuwa helikopta yao, imepakiwa magunia ya unga mpaka mlangoni. Barabara zimekatika, pipa lile lilifikaje pale? Na lilikuwa limewekewa safari gani? Nikatia saini kwenye daftari. Mstari wa sababu afisa alikuwa amekwisha kuujaza kwa mkono wake: *dharura, upungufu wa mafuta*. Akafunga daftari, akanipa mkono, akaniambia niondoke kabla ya giza. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani na nililisoma, nalo pia nitaliacha.

Nimelichukua jambo hili kwa miaka yote hii na sijui niliweke upande gani. Mtu alizikwa alipousia. Upande huo ukinijia nalala vizuri. Kisha mwaka 2020, tarehe 5 Januari, tukasikia habari za kambi ya jeshi ya Manda Bay kule Lamu, washambuliaji wameingia alfajiri mpaka kwenye kiwanja cha ndege, Wamarekani watatu wameuawa. Usiku ule sikulala. Kambi niliyotua ilifunguliwa na mtu mmoja aliyeniamini redioni, kisha akaniona nimesema uongo, kisha akaandika uongo wangu kwa kalamu yake. Ndani ya jeneza ningeweza kuwa nimebeba chochote. Yeye hakulifungua. Sidhani kama leo kuna afisa awezaye kufanya vile, na siwezi kusema aliyekataa atakuwa amekosea.

Na mwana. Kiti chake kilikuwa nyuma ya bega langu la kulia. Geji aliziona, na aliniona nikisema redioni. Hakusema neno siku ile, wala siku yoyote kati ya vikapu vyote vile. Mara moja tu, miaka kama kumi iliyopita, aliweka kikapu chini akasimama muda mrefu kuliko kawaida, akaniuliza kama yule afisa angali hai. Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Nilipaswa kumwita arudi, niweke maji ya kahawa jikoni, tuketi.

Barazani wenzangu walikuwa bado wananingoja. Yule wa mnarani, ambaye huenda mwaka ule alikuwa zamu na kuisikia pan-pan yangu kwa mbali, aliniinamia kidogo. "Na wewe, ndugu yangu? Hukutua kwa jeshi hata siku moja?"

Nikasema chai yao imepoa. Nikakusanya vikombe vyote vinne, nikaenda navyo uani, jikoni kulikokuwa na lile jiko.