Huduma ya mkoba na kalenda ya malisho

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu katika wilaya ya Longido, kaskazini mwa Tanzania, imefanyika nje ya kuta za zahanati. Huduma ya mkoba ndiyo hiyo: muuguzi, dereva na mhudumu wa afya ngazi ya jamii huondoka alfajiri wakiwa na kisanduku baridi cha chanjo, mizani ya kutundika, mashine ya presha, vipimo vya haraka vya malaria na VVU, dawa za SP za kuwakinga wajawazito na malaria na vidonge vya kuongeza damu, kisha huendesha kliniki ya mama na mtoto chini ya mgunga, mahali ambapo zahanati ya karibu iko mbali mno kwa mjamzito kuifikia kwa miguu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata ipate kituo cha afya, nami naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo, jengo hukaa mahali pamoja, ilhali wafugaji wa Kimasai wa upande wa Gelai na Ziwa Natron huhama.

Mvua zikikatika, familia hugawanyika: baadhi ya watu hubaki bomani, wengine huenda ronjo, yaani kwenye makambi ya muda ya malisho, na mara nyingi watoto wadogo huyafuata maziwa. Wakati wa ukame wa mwaka 2021 na 2022, ratiba iliyopangwa ofisini miezi mingi kabla ilikuwa ikitupeleka kwenye maboma yaliyobaki na watu wachache, huku watoto tuliopaswa kuwachanja na kuwapima mkono kwa utepe wa lishe wakiwa kwingine. Waliojua walikokwenda walikuwa vijana wanaopeleka ng'ombe mnadani na akina mama wanaochota maji visimani. Tangu hapo ninaamini kwamba ratiba ya mkoba isipangwe kabla ya kuzungumza na watu hao, na kwamba siku ya mnada ni siku bora ya kliniki kuliko Jumanne yoyote iliyochaguliwa kwa sababu gari lina nafasi.

Kumpata mtoto kwa dozi ya kwanza si kazi ngumu sana. Ugumu uko katika kumpata tena. Pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18, kwa hiyo tunamwomba mama mmoja aje mara nyingi ndani ya mwaka na nusu. Mama aliyetembea asubuhi nzima akiwa na mtoto mgongoni, kisha asikute gari kwa sababu mafuta hayakutolewa, ana haki ya kutotuamini mwezi unaofuata. Watu humwita mzembe. Mimi sikubali neno hilo litumike kwake.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wa mkoba hubishana juu yake. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10 za unga, na ukishauchanganya na maji yake, kinachobaki baada ya saa 6 lazima kimwagwe. Je, ukifungue kwa ajili ya mtoto mmoja? Nimeona wenzangu wakimwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi, kwa kuhofia kuulizwa juu ya dozi zilizopotea. Ninawaelewa, lakini msimamo wangu ni kukifungua. Surua husambaa kwa hewa, huwaumiza zaidi watoto wenye utapiamlo, na mtoto huyo mmoja huenda wiki ijayo akawa ronjo pamoja na wengine ambao hawajawahi kuchanjwa. Dozi 9 zilizomwagwa zina maelezo yanayoweza kuandikwa kwenye ripoti.

Chanjo yenyewe tunailinda dhidi ya joto na dhidi ya baridi kali pia, kwa sababu pentavalenti ikiganda huharibika. Vipakiti vya barafu tunaviacha nje ya friza mpaka tukivitikisa tusikie maji ndani, ndipo tunavipanga kwenye kisanduku baridi. Wapo akina mama wanaokuja na kijitabu cha kliniki kutoka Kajiado, ng'ambo ya mpaka. Tunaendelea kutoka pale muuguzi wa Kenya alipoishia, na ninamshukuru kimoyomoyo kwa kuandika tarehe zake vizuri.

Kwa wajawazito, swali ninaloliona kuwa muhimu kama presha ni hili: "Yeyo (yaani mama, kwa Kimasai), mwezi wa kujifungua utakuwa wapi?" Akijibu kuwa atakuwa ronjo, tunapanga naye hapo hapo, mumewe au mama mkwe akisikia: ni kilima gani kina mtandao wa simu, nani atapiga namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ambayo ni bure, gari lifike hadi wapi, na nani atatangulia kumpokea dereva. Majibu hayo ninayaandika kwenye kadi yake, na nakala naiacha kwa mhudumu wa afya wa kitongoji, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwepo usiku huo.