Karatasi ya Maiki Nilimpa Mama wa Njugu

Mtu akikushauri ununue maiki kwa kusoma karatasi yake, masafa yanaanzia hapa yanaishia pale, mlete kwenye studio yangu Kondele, Kisumu. Nitampa chai, kisha nimwekee wimbo wa kwanza niliorekodi baada ya kufuata ushauri huo huo. Chai hataimaliza.

Karatasi ilisema hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Nilifurahi kama mtoto wa Krismasi, ingawa kwa umri wangu hiyo elfu ishirini masikio yalishaiaga zamani. Nisichojua ni kwamba namba mbili hizo hazikuambii kitu kama hawajaandika sauti inapanda au kushuka desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) katikati ya safari. Ni sawa na mtu kukuambia barabara inatoka Kisumu hadi Busia bila kutaja mashimo. Maiki yangu ilikuwa na mlima huko juu, pale pale zinapokaa s na sh. Ikaja kwaya, soprano wanne, wimbo wenyewe msalaba na Msamaria. Kila s ilitoka kama omena wakitupwa kwenye mafuta ya moto. Siku mbili nzima nilikaa kwenye kompyuta nikipunguza s moja moja. Na ilikuwa imenila elfu ishirini na kitu, nauli ya Nairobi sijahesabu. Karatasi nilimpa mama wa njugu afungie wateja.

Basi nikaapa kwamba ya pili nitachagua kwa masikio, na hapo ndipo nilipojiaibisha.

Niliazima tatu: kondensa mbili, zile maiki za studio zenye masikio makali, na Shure SM58, ile ya jukwaani inayouzwa tangu 1966, ambayo watengenezaji wenyewe wanaiandikia 50 hadi 15,000 tu. Hiyo niliiazima kwa adabu, isionekane nimedharau kitu cha mwenyewe. Usiku nikavaa hedifoni, nikafumba macho kama mtaalamu. Kondensa moja ikaniteka. Ina mwili, ina uhai! Nikampigia mwenyewe saa nne usiku kumuuliza anaiuza ngapi. Asubuhi mpwa wangu wa gredi ya saba akaja kuchaji simu, akatazama skrini, akasema, "Mjomba, mbona mawimbi ya hii ni makubwa kuliko ya zile?"

Ilikuwa na sauti kubwa tu. Hiyo ndiyo siri yake yote. Ongeza desibeli moja au mbili na sikio litaapa kwamba hicho ndicho kitu bora. Tena nilikuwa nimeisogelea kuliko zile nyingine, na maiki za aina hii ukizikaribia, besi huvimba. Nilipozishusha zote zikalingana, yule malkia wangu aliimba kama mtu aliye ndani ya mtungi. Ilibidi nimpigie mwenyewe tena. Hakupokea.

Kuanzia hapo mpwa ndiye akawa bosi. Alibadilisha majina ya faili kuwa ugali, omena na sukuma, akaandika kwenye daftari ipi ni ipi, akalificha. Umbali ukawa shibiri moja kutoka mdomoni, kwa maiki zote. Mbele, kuzuia pumzi, nikaweka soksi ndefu ya mke wangu niliyoitandaza kwenye waya (maswali aliyoniuliza ni ya nyumbani kwetu). Sauti yangu sikuitumia. Ni nzito, kila maiki huipenda. Nilimwita binti wa kwaya mwenye sauti nyembamba, nikampa sentensi niliyoitunga makusudi: "Shangazi Susana asishushe sukari sasa." Kisha akatikisa kishada cha funguo. Jaribu hilo siku moja. Maiki mbovu huzifanya funguo zote kuwa kelele moja ya chupa zilizovunjika. Nzuri unakaribia kuzihesabu. Mwisho nikarekodi ukimya, nikaupandisha nisikie maiki inavyofoka yenyewe. Ukimya wa Kondele unapatikana saa tisa usiku, mvua isiponyesha kwenye mabati. Nilisubiri usiku mara tatu.

Kusikiliza nilisikiliza kwa spika za studio, lakini hukumu yenyewe ilitoka nje, kwa mama jirani anayekaanga samaki. Nilimpelekea simu, maana wateja wangu husikilizia huko huko kwenye simu. Akasikiliza huku anageuza samaki. "Huyu wa omena ana mafua. Huyu wa sukuma yuko chooni. Wa ugali ndiye yuko hapa na sisi." Nikarudi jioni nikazichanganya upya. Ugali. Kesho yake, ugali tena.

Mpwa akafungua daftari. Ugali ilikuwa ile SM58.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini mama alisema kweli kuhusu choo: kondensa husikia kila kitu, na chumba changu kina kuta tupu na bati juu, kwa hiyo mwangwi wote ulikuwa unaingia. SM58 husikia mdomo ulio mbele yake, kuku wa jirani haiwashughulikii sana. Nilinunua yangu kwa elfu kumi na kitu. Bandia zake zimejaa, hivyo nilienda dukani na hedifoni zangu na ile faili ya ugali, tukasikiliza mpaka muuzaji akachoka.

Ile maiki yangu ya kwanza, ya omena za moto, bado ipo, inaning'inia kwenye msumari. Mwezi uliopita alikuja mzee na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo. Kwa SM58 nyuzi nane zikatoka butu kama zimefunikwa blanketi. Nikaishusha ile ya msumari, nikaiweka chini karibu na mguu wake. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mti wa nyatiti, unasikia chuma, unasikia na mti. Mzee akavua hedifoni, akaiangalia maiki kwa muda, akauliza ni ya pesa ngapi.

Nikamtajia bei yote, na nauli ya Nairobi juu.