Fimbo ya mpera kwa njia za Uluguru

Mdogo wangu mmoja wa kazini, muuguzi kama mimi, alinitumia picha ya fimbo aliyoiona mtandaoni. Ni ya alumini, inafunguka vipande vinne, na kila kipande kimeficha kitu: kisu, msumeno mdogo, chuma cha kuwashia moto, filimbi. Juu kabisa pamewekwa dira. Akauliza, "Dada, ninunue hii kwa ajili ya Lupanga?" Simu yetu ilikuwa ndefu, na kwa kuwa wengi wanaoanza kupanda milima huuliza jambo hilohilo, nayaandika hapa.

Asinunue. Kazi ya kwanza ya fimbo ya mlimani ni kuupokea uzito wako wote kwa ghafla, pale mguu unapoteleza. Kazi nyingine zote, na ni nyingi kweli, zinatokana na urefu wake na ugumu wake. Kila mahali inapofunguka ndipo itakapolegea au kukatika, na tope la Uluguru likishaingia kwenye nyuzi za skrubu hutaifungua tena kwa mikono iliyolowa. Halafu fikiria imekuponyoka mtoni. Maji yameondoka na fimbo, kisu, filimbi, dira na moto kwa mkupuo mmoja. Kisu kikae mfukoni, filimbi ining'inie shingoni, fimbo iwe fimbo.

Kwa asiyepajua kwetu: Lupanga ni kilele cha milima ya Uluguru kinachoitazama Morogoro mjini, mita 2,138, na mji wenyewe uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ni mizizi na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Ukienda upande wa pili, Mgeta na Nyandira, unapita mashamba ya mboga yaliyolala kwenye miteremko mikali, unavuka vijito, na ukipanda zaidi unafika uwanda wa Lukwangule wenye nyasi, majimaji na ukungu. Hapo ndipo ninapotembea mimi, na ushauri wangu ni wa mahali kama hapo. Anayekwenda Kilimanjaro kwa njia iliyotengenezwa, huku wapagazi wamembebea mzigo, atafaidika zaidi na fimbo mbili nyepesi za kurefusha na kufupisha, zile zinazokodishwa Moshi na Arusha. Mbili zinayasaidia magoti wakati wa kushuka kuliko moja. Achague zinazobanwa kwa kishikizo cha nje. Zile za kuzungusha huteleza zikishachafuka.

Ya kwangu ni ya mpera. Kila aliyesoma shule zetu anazijua fimbo za mpera, ila sifa iliyozifanya zipendwe na walimu ndiyo inayonifaa mimi: mti wake ni mgumu, unanepa bila kuvunjika, na nyuzi zake zimeshikana. Machipukizi yanayoota kutoka shina la zamani hunyooka vizuri. Niliikata shambani kwa mama mdogo, Nyandira, naye alifurahi kwa sababu mipera ilikuwa inauvamia mpaka wa shamba. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru sikati hata kijiti, na wewe usikate. Ni kosa kisheria, na baadhi ya miti yake haipo popote duniani ila kwenye milima hii. Mwanzi nao ni mwepesi na mzuri ukiwa mbichi, lakini ukikauka hupasuka kwa urefu na kingo zake hukata mkono. Mkaratusi ni mzito na hupindapinda unapokauka. Mbuni mzee, yaani mti wa kahawa, hutoa fimbo nzuri sana, shida ni kupata shina refu lililonyooka.

Kuhusu urefu, isimamishe kando yako ukiwa umevaa viatu vya safari. Kichwa chake kifike kati ya kwapa na kidevu. Watu huchagua fupi, inayoishia kiunoni, na hiyo inatosha barabarani tu. Unaposhuka ngazi ya mizizi, ncha inatua chini zaidi ya nyayo zako, kwa hiyo urefu ule wa ziada ndio unaokufanya usiiname. Unene, kidole gumba na cha kati vikaribie kukutana ukiishika. Yangu ina mita moja na nusu na uzito wake haufiki kilo. Kabla hujaikubali, ilaze juu ya mawe mawili, simama katikati taratibu huku umeshika kitu, kisha usikilize. Inyumbuke kidogo na kunyamaza. Ikilia kakaka, itafute nyingine.

Usiikaushe juani. Wengi wanaharibu hapo. Ikate ikiwa ndefu kuliko unavyohitaji, iache na gome lake, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili maji yatoke polepole ubavuni badala ya kukimbilia mwishoni na kuipasua, kisha ilaze darini, juu ya jiko la kuni. Moshi unafukuza wadudu wanaotoboa mti. Miezi miwili mitatu inatosha kwa unene huo. Ndipo unamenya gome, unalainisha kwa msasa na kuipaka mafuta ya kitani. Palipopinda panashikishwa mvuke wa sufuria hadi pawe moto sana, halafu unapanyoosha kwa goti na kupashikilia hivyo mpaka papoe.

Chini nimemwomba fundi wa kuchomelea anikatie kipande kifupi cha bomba la chuma, tukakivalisha kwenye ncha na kukipigilia msumari mmoja wa pembeni, kisha akatia nondo fupi iliyochongoka. Inauma udongo vizuri. Kwenye mwamba hiyo chuma huteleza, kwa hiyo nina kofia ya mpira wa tairi ninayoivalisha juu yake. Na kwenye mshiko, hapa ndipo ninapowasisitizia wenzangu wote: usiweke kamba, zungusha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ikilowa huchubua kiganja. Tyubu haitelezi hata mkono ukiwa na jasho. Ukiukata utepe wa vidole viwili upana, una kitu cha kufungia turubai na cha kufungia mguu uliovunjika, na kipande kidogo chake huwaka hata kuni zikiwa zimenyeshewa. Moshi wake ni mbaya, usiuvute wala usichomee nyama juu yake, ila kwa kuwashia moto kwenye mvua sijaona kinachoushinda.

Sasa mtoni. Mito ya milimani hupanda kwa mvua iliyonyesha juu ambako wewe hukuiona, na hushuka baada ya saa chache. Kusubiri ni sehemu ya safari. Maji yakipita goti na yanakwenda kasi, sivuki. Yakiwa chini ya hapo, nalegeza mikanda ya begi na kufungua ule wa kiunoni, ili nikianguka nilivue haraka. Naelekea yanakotoka maji, naichomeka fimbo mbele yangu, naiegemea kwa mikono miwili na kwenda kiubavu. Kitu kimoja kinasogea kwa wakati: fimbo, kisha mguu, kisha mguu wa pili. Viwili viwe vimeshika chini daima. Kamba ya kiganjani, kama fimbo yako inayo, itoe kabla hujaingia, maana fimbo ikinasa kati ya mawe itakuvuta nayo. Yangu nimeichoma alama kwa waya wa moto kila sentimita 10, basi napima kina kabla ya kukanyaga, na tope la Lukwangule nalipima hivyohivyo.

Kuna msemo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nauchukulia nusu yake. Fimbo iwe mkononi, isifungwe begini, lakini nyoka usimpige. Nimehudumia walioumwa, na baadhi yao waliumwa katika kumwandama nyoka aliyekuwa anaondoka zake. Kwenye majani marefu tangulia kugonga ardhi na kutenganisha majani kwa fimbo. Wengi husikia mtikisiko na kwenda. Kifutu hakimbii, hujilaza akitegemea rangi yake, kwa hiyo macho nayo yafanye kazi. Mtu akiumwa, usimchanje, usimkaze kamba. Mlaze, mguu usitembee, ufunge na fimbo ili utulie, mtafutieni usafiri wa kwenda hospitali.

Mguu uliovunjika hufungwa hivihivi. Weka nguo kati ya fimbo na mguu, funga juu na chini ya palipovunjika lakini si palepale, halafu gusa vidole vya mguu kila baada ya muda mfupi. Vikipoa, vikipauka au vikianza kufa ganzi, umekaza mno. Fimbo mbili na majaketi mawili yaliyofungwa zipu, mikono ikiwa imegeuziwa ndani na fimbo zimepitishwa humo, ni machela. Ndiyo sababu katika kundi letu nataka angalau wawili wawe na fimbo za mti. Machela ya fimbo za kukunja siiamini.

Wapo wanaofundisha kutafuta mashariki kwa kivuli cha fimbo. Unaisimika, unaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli, unasubiri robo saa, unaweka jiwe la pili. La kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki, takriban. Ni kweli na watoto wa shule wanaipenda. Lakini pale Lukwangule unapopotea ni kwa sababu ya ukungu, na kwenye ukungu hakuna kivuli. Beba dira. Fimbo itumie kusimamisha turubai, mkae mkavu, msubiri ukungu uondoke. Na radi ikianza kupiga mkiwa kwenye mgongo wa mlima, shukeni haraka, fimbo ya chuma isibaki imechomoza juu ya begi la mtu.

Kila masika ikiisha naikagua. Tyubu hubadilishwa, msumari wa chini hukazwa, mti unapakwa mafuta mara mbili. Ufa unaofuata urefu wa mti nautia nta na kuufunga. Ufa unaoukata mti kwa upana, hata uwe mwembamba kama unywele, fimbo hiyo inakwenda jikoni kwa mama mdogo, nami narudi kwenye mipera.