Kabla ya Jean au Emma, kulikuwa na Madelyne

Ubishi umerudi tena wiki hii: Scott Summers, yule Cyclops wa X-Men, kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, ni wa Jean Grey au wa Emma Frost, wanawake wawili wa kundi hilo wanaosoma akili za watu? Timu Jean wanashikilia historia. Wawili hao wako pamoja tangu toleo la kwanza la mwaka 1963, Jean akiwa binti pekee kati ya wanafunzi watano wa Profesa Xavier, na mwaka 1994 wakafunga ndoa. Timu Emma wanasema yule Scott wa Jean alikuwa kijana anayetimiza matarajio ya watu, na Emma ndiye aliyempata akiwa mtu mzima. Logan, yaani Wolverine, anayempenda Jean pia, naye hakosi watetezi wake, na hao wakishaingia hakuna anayelala.

Hoja kubwa ya mjadala ilikuwa mchepuko wa mawazoni kati ya Scott na Emma, katika hadithi alizoandika Grant Morrison kuanzia 2001. Emma na Scott hawakugusana. Yote yalipita vichwani mwao, mpaka Jean alipoingia akilini mwa mumewe akawakuta. Wapo wanaosema mawazo si usaliti. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mke wako anasoma akili za watu, mahali penu pa siri pakubwa kuliko pote ni humo akilini, na ndimo umemkaribisha mwingine. Kuna usaliti gani zaidi ya huo?

Lakini nimelala na jambo jingine, nalo linanikera kila mjadala huu unapowaka. Watu wanapima uaminifu wa Scott kwa Jean na Emma tu, kana kwamba hakuwahi kuwa na mke mwingine. Alikuwa naye. Anaitwa Madelyne Pryor.

Madelyne aliingia mwaka 1983, rubani wa ndege huko Alaska, akifanya kazi katika kampuni ya babu na bibi yake Scott. Jean alikuwa amekufa mwezini mwaka 1980, na Madelyne alifanana naye kama pacha. Nampenda sana Madelyne wa siku hizo. Hana uwezo wowote wa ajabu, anarusha ndege yake, anacheka, na hataki kupendwa kwa sababu ya sura ya marehemu. Wakaoana mwaka huohuo, baadaye wakapata mtoto wa kiume, Nathan. Chris Claremont, mwandishi aliyemuumba, alikuwa anampa Scott njia ya kustaafu vita na kulea familia.

Kisha Marvel wakataka wale watano wa mwanzo warudi pamoja katika jarida jipya la X-Factor, mwaka 1986. Jean akafufuliwa: ikaelezwa kwamba aliyekufa mwezini ni Phoenix, nguvu kutoka anga za mbali iliyovaa umbo lake, na Jean mwenyewe alikuwa hai muda wote chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Sasa soma toleo la kwanza la X-Factor taratibu. Scott anapata habari kutoka kwa rafiki yake Warren, mmoja wa wale watano. Madelyne yuko pale nyumbani na mtoto mchanga, anamwambia kwamba akitoka asirudi. Scott anatoka. Akifika New York hamwambii Jean kwamba ameoa, na anaendelea kunyamaza toleo baada ya toleo. Siku anapokuja kurudi Alaska, anakuta nyumba tupu.

Madelyne mwenyewe alikuwa ameshambuliwa, akazinduka hospitalini San Francisco, mwanawe ameibwa.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Katika hadithi ya Inferno, kati ya 1988 na 1989, waandishi walifichua kwamba Madelyne ni nakala iliyotengenezwa na Mister Sinister, mwanasayansi mwovu, kutokana na chembe za mwili wa Jean, wakamgeuza malkia wa mashetani, kisha wakamuua. Scott akabaki msafi. Huku kwetu tunaijua hadithi hii vizuri: mume anaondoka, na baada ya muda mfupi mtaa mzima unasema mke alikuwa mchawi. Sura zake za hasira zinakumbukwa, mlango alioufunga mume akiondoka hauulizwi.

Ndiyo maana siwezi kuingia Timu Jean wala Timu Emma nikijifanya hesabu inaanzia kwa mmoja wao. Mwanamume aliyechepuka mawazoni miaka ya 2000 ni yuleyule aliyemwacha mzazi mwenzake na kichanga. Anapobanwa na uchungu, Scott hasemi. Ananyamaza, halafu anahama. Emma aliliona hilo mapema, na nadhani ndiyo sababu alimbana kwa maneno kila siku.

Na mashabiki wanaomchukia Jean kwa niaba ya Madelyne, naomba wasome hadithi ya Dark Web, ya 2022 hadi 2023. Madelyne, aliyekwisha kurudi hai, anakuja na jeshi la Limbo, ulimwengu wa mashetani, kudai kitu kimoja: kumbukumbu za kumlea Nathan, ambazo zilibaki kwa Jean baada ya Inferno. Jean anamgawia. Hajitetei, hamtumi Scott amwombee msamaha. Anafungua akili yake na kumrudishia mama kumbukumbu za mwanawe. Katika miaka yote hiyo, Jean amemtendea Madelyne haki kuliko mume wao alivyowahi kufanya.