Usiku tulipomwekea fundi tyubu akiwa macho

Hii ilikuwa Aprili 2022, saa nane usiku, mvua kubwa na mimi niko zamu ya kutoa dawa ya usingizi kwa wagonjwa. Wakaleta fundi wa magari kutoka Kariobangi, ameketi ameinama mbele, mate yanamdondoka juu hawezi kumeza, shingo imevimba kuanzia chini ya kidevu, na yote ilianza na jino la chini alilokuwa analituliza na dawa za duka wiki mbili. Nikamwambia baba, fungua mdomo. Ukafunguka kidole kimoja. Mtu kama huyo ukimlaza umpige dawa ya usingizi, misuli ikilegea tu njia ya hewa inajifunga na unaweza kumpoteza hapo hapo, kwa hivyo tyubu ya kupumulia ilibidi iingie akiwa macho.

Mwenzangu alitaka laringoskopu ya video, ile bleidi yenye kamera inayopitia mdomoni, na namwelewa kabisa, ni haraka, unaona kila kitu kwa skrini, na hata kwa mgonjwa aliye macho inafaulu karibu sawa na bronkoskopu, ule mrija mwembamba wa kupinda wenye kamera. Lakini bleidi ingepita wapi? Tukaenda na bronkoskopu kupitia pua. Mimi huona tunabishana sana juu ya mashine na kazi yenyewe iko kwa ganzi, ganzi ikiwa mbaya hakuna kamera itakuokoa.

Sista akampa sindano ya kukausha mate, mimi nikaweka puani dawa ya kubana mishipa asitoke damu, na oksijeni ya pua haikutolewa hata sekunde. Alikuwa mwembamba, kilo 60 hivi. Mwongozo wa 2020 wa Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha njia za hewa ngumu, unasema lignokeini, ndiyo hiyo ganzi, isipite miligramu 9 kwa kilo, kwa hivyo mwisho wetu ni 540, na ile sprei ya asilimia 10 kila pigo ni miligramu 10, sista alikuwa anahesabu kwa sauti juu ukipitisha unaweza kumletea degedege. Halafu tukangoja. Kungoja ndio kugumu, daktari wa upasuaji amesimama kando na glavu, tayari kufungua shingo tukishindwa.

Nilisimama mbele yake tukiangaliana. Mara ya kwanza nikaona weupe mtupu, mate yamefunika lenzi, nikatoa nikapangusa nikarudi. Akakohoa, machozi yakamtoka, akashika aproni yangu, kucha bado zina grisi. Pole baba, vuta pumzi ndefu. Akavuta, kamba za sauti zikaachana, nikanyunyiza ganzi tena hapo hapo, nikapita mpaka nikaona pete za koo la hewa na pale linapogawanyika. Tyubu ikateleza juu ya bronkoskopu, kaboni dayoksaidi ya pumzi yake ikachora mawimbi kwa monita, moja, mbili, tatu, tyubu iko mahali pake, ndio nikamwambia sista sasa mlaze usingizi.

Aproni aliiachilia dawa ilipoingia.

Siku ya tatu ICU tulimtoa tyubu, akakohoa, akaomba maji, halafu kwa sauti ya kukwaruza akauliza kama kuna mtu alifunga gari la kastoma.