Siku moja maishani mwangu: kutoka karatasi ya resipe hadi meza ya jioni

Kazi yangu ni kupika resipe za watu wengine kabla hazijachapishwa. Mwandishi ananitumia karatasi, naipika kama ilivyo, kisha namweleza ni wapi mpishi wa nyumbani atakwama. Pishi likifaulu mchana, familia yangu inalila usiku, na mtihani huo wa pili ndio ninaouamini zaidi. Chakula kinaweza kuwa kitamu kwa mtu mmoja aliyetulia na kijiko mkononi, halafu kikashindwa mbele ya watu sita wenye njaa, mmoja wao ana miaka minne na mwingine ameambiwa apunguze chumvi. Leo ni Jumanne. Pishi lenyewe ni mapaja ya kuku kwenye mchuzi wa vitunguu na mtindi.

Saa 12 asubuhi

Naisoma resipe nikiwa na kalamu, watoto wakiwa bado wamelala. Mara ya kwanza nafuata hatua: nini kinatangulia, nini kinafuata. Mara ya pili natafuta muda uliofichwa. Resipe nyingi huuficha kwenye orodha ya viungo. "Vitunguu vinne vikubwa vilivyokatwa vyembamba" inasomeka kama kitu kinachokusubiri mezani, kumbe ni kazi ya kisu inayoweza kumla dakika kumi mtu asiye na mazoea. Muda huo hauhesabiwi popote. Mtu aliyerudi kutoka kazini saa moja usiku akasoma "dakika 40" anastahili kuambiwa ukweli.

Leo nimezungushia duara sehemu tatu. Resipe inasema vitunguu vikaangwe dakika 10 hadi viwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Inasema mtindi umiminwe na kuachwa uchemke. Na inasema "chumvi kijiko kimoja" bila kutaja kijiko gani.

Saa 2 asubuhi

Nyumba imetulia. Naweka mizani juu ya meza na kupima kila kitu kwa gramu, hata pale resipe inapotumia vikombe. Sababu ni kwamba kikombe si kipimo kimoja duniani. Cha Marekani ni takriban mililita 237, na katika nchi nyingine nyingi ni 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini Australia ni 20. Kwenye mchuzi tofauti hizo hazina neno. Kwenye keki zinaweza kukuharibia kazi yote, kwa sababu hata kikombe kilekile cha unga hubadilika uzito kwa makumi ya gramu kutegemea kama umeuchota na kuushindilia au umeumimina polepole.

Chumvi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina takriban gramu 6. Chumvi ya mawe iliyosagwa kwa ukubwa huacha nafasi katikati ya punje, kwa hiyo kijiko kilekile kinaweza kubeba karibu nusu ya uzito huo. Na kama mwandishi alikusudia kijiko cha chakula, basi tumezidisha mara tatu. Naandika pembeni: taja kijiko, taja chumvi, au toa gramu.

Saa 4 asubuhi

Napika kwa mara ya kwanza, na hapa nina sheria nisiyoivunja: resipe hupikwa kama ilivyoandikwa, hata pale ninapojua kwamba imekosea. Ukianza kuibadilisha kabla ya kuijua, hutajua kilichoharibika ni cha mwandishi au ni chako. Nawashauri hivyo hata marafiki zangu wanaopikia familia tu. Pishi jipya lipe nafasi moja ya kujieleza, ndipo uanze kulirekebisha.

Vitunguu vinaingia kwenye mafuta. Dakika 10 zinapita. Vimelainika, vimeanza kung'aa, na vina rangi ya manjano hafifu. Kahawia haipo, wala isingeweza kuwapo. Kitunguu ni karibu asilimia 90 maji, na maadamu maji hayo bado yanatoka, joto la sufuria linakwama karibu na nyuzi 100. Ule ukahawia wenye harufu nzito huanza kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi, pale sukari na protini zinapokutana kwa namna ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Kwa hiyo lazima maji yaishe kwanza. Naendelea kukoroga kwa moto wa wastani, naongeza kijiko cha maji kila sufuria inapoanza kushika chini, na rangi iliyoahidiwa inafika baada ya dakika 35.

Jambo hili linanigusa kwa sababu najua linavyomwumiza mpishi wa nyumbani. Dakika ya kumi na mbili, vitunguu bado vyeupe, anaamini kwamba hajui kupika. Anaongeza moto, kingo zinaungua, katikati kubichi, mchuzi unatoka mchungu, na anaamua kwamba pishi hili si la watu kama yeye. Mikono yake haina kasoro yoyote. Aliyeandika "dakika 10" ndiye anayedaiwa.

Kuku anafuata, kisha tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, na mwishowe mtindi baridi unamiminwa kwenye mchuzi unaochemka. Unakatika papo hapo: chembe nyeupe huku, maji huku. Ladha ni nzuri, ila sura yake itamfanya mtoto aisukume sahani kabla hajaonja.

Saa 7 mchana

Naonja, naandika, nakula sahani ndogo. Ladha ya vitunguu ina kina, limau la mwisho linaamsha kila kitu, na kuku amelainika vizuri. Hili ni pishi zuri lenye maelekezo mabaya, na mapishi ya aina hiyo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote.

Kilichobaki kinaingia kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu kilipotoka jikoni. Nakigawa kwenye vyombo vyenye kina kifupi ili kipoe haraka.

Saa 9 alasiri

Sasa naligeuza liwe pishi la nyumbani kwetu. Nalibadilisha jambo moja moja, na kila badiliko lazima liwe na sababu yake kwenye daftari.

Idadi ya watu kwanza. Resipe ni ya watu wanne, sisi ni sita. Nyama na vitunguu nazidisha mara moja na nusu bila wasiwasi. Maji ya mchuzi siyazidishi kiasi hicho, kwa sababu mvuke hutoka kupitia uso wa sufuria, na kama sufuria ni ileile, hautapoteza maji zaidi kwa kuwa tu umeweka nyama zaidi. Wanaozidisha kila kitu sawasawa huishia na supu. Kuku naye namkaanga kwa mafungu mawili. Vipande vikibanana vinatoa maji, vinachemka ndani ya maji yake vyenyewe, na ngozi inabaki imepauka.

Mtindi ndio niliousubiri. Nautoa kwenye jokofu nusu saa kabla. Nachagua wenye mafuta yake yote, nauchanganya na wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja. Protini za mtindi hushikana na kuwa chembe zikipigwa na joto pamoja na uchachu. Mafuta na wanga huzizuia kushikana kirahisi. Nachota vijiko vichache vya mchuzi moto nauchanganyia mtindi bakulini kwanza, ndipo naumimina wote ndani, moto ukiwa chini kabisa. Mchuzi unabaki laini na wenye kung'aa. Nimetabasamu peke yangu jikoni, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu mchuzi ule ulikuwa mzuri kuutazama.

Kwa nyumba isiyotumia maziwa, tui la nazi linaweza kukaa mahali pa mtindi, lakini halina uchachu, kwa hiyo limau liongezwe. Watu wengi hubadilisha kiungo kwa kuangalia rangi na uzito tu. Mimi hujiuliza kiungo kile kilikuwa kinafanya kazi gani. Mtindi hapa ulikuwa na kazi tatu: uzito, mafuta na uchachu. Kinachoingia mahali pake kifanye zote tatu, au kisaidiwe.

Saa 10 jioni

Watoto wamerudi. Mdogo anataka kuponda kitunguu saumu kwenye kinu, nampa. Watoto huvikataa zaidi vyakula vigeni kati ya miaka 2 na 6 hivi, na kinachosaidia ni kukutana na chakula kilekile tena na tena bila kulazimishwa. Kukigusa na kukinusa ni kukutana nacho pia. Mkubwa anakata viazi, wazo lake mwenyewe.

Wazo hilo nimelikubali kwa moyo wote. Viazi havipo kwenye resipe. Lakini kwenye pishi la kigeni, mtoto akipata kipande kimoja anachokifahamu, anakuwa na mahali pa kuanzia.

Saa 12 jioni

Chumvi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, ana shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja na kila kilichomo kwenye vyakula vya kununua. Zamani ningempikia sufuria yake peke yake. Siipendi tena njia hiyo. Mtu anayepewa chakula tofauti kila siku anakula akiwa mgonjwa hata siku anazojisikia mzima. Kwa hiyo sufuria nzima naipikia chumvi ndogo, halafu naijenga ladha kwa vitu vingine: vitunguu vilivyokolea, pilipili manga iliyosagwa muda uleule, na limau likiingia mwisho kabisa, kwa kuwa uchachu huufanya ulimi uione chumvi kidogo kuwa nyingi. Anayetaka zaidi, kidau cha chumvi kiko mezani.

Pilipili kali nayo iko mezani, imekatwakatwa ndani ya mafuta. Kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana maji hayamsaidii aliyewashwa na kijiko cha mtindi kinamsaidia.

Nachoma kipimajoto kwenye paja kubwa kuliko yote, mbali na mfupa. Kuku ni salama akifika nyuzi 74. Mapaja nayaacha hadi 85 au zaidi, kwa sababu yana tishu ngumu zinazohitaji joto na muda ili zilainike. Kidari kwenye joto hilo kingekauka. Mtu akibadilisha paja kwa kidari, abadilishe na muda.

Saa 1 usiku

Tunakula. Wakati huu siulizi "ni kitamu?" kwa kuwa familia yenye adabu hujibu ndiyo. Naangalia. Nani ameongeza bila kuambiwa, nani ameacha nini pembeni ya sahani, kidau cha chumvi kimesogea mara ngapi.

Mume wangu ameongeza. Mkubwa amekula viazi na mchuzi, kuku amemaliza nusu. Mdogo ameondoa kila uzi wa kitunguu alioweza kuuona, lakini mchuzi ameukomba. Bibi hakukigusa kidau.

"Mwanangu," ananiambia, "limau ungelipunguza kidogo. Mtoto anakunja uso."

Nimetazama, ni kweli. Nimeandika.

Saa 3 usiku

Ripoti kwa mwandishi. Namwomba aandike dakika 35 kwa vitunguu, na aeleze dalili pamoja na saa: kwanza vinalainika, kisha vinapungua hadi karibu robo ya vilivyokuwa, kisha vinanukia utamu, kisha vinabadilika rangi. Majiko hayafanani, na hata maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kila mita 300 za kupanda juu hupunguza takriban nyuzi 1, kwa hiyo anayeishi milimani anahitaji muda zaidi kwa chochote kinachotokoswa. Jicho na pua viko kila jikoni. Namwomba pia atenganishe muda wa kukata na muda wa kupika, aeleze njia ya mtindi, na ataje chumvi kwa gramu.

Pendekezo moja sitalikubali akilileta, maana nimewahi kuliona kwenye resipe nyingine: chembe ya magadi ya kuokea ili vitunguu vigeuke rangi haraka. Inafanya kazi, rangi inakuja upesi. Lakini vinakuwa ujiuji, na ikizidi kidogo tu unasikia ladha ya sabuni. Kwa siku ya kazi, afadhali vitunguu vikaangwe mwishoni mwa wiki na kuwekwa kwenye friza kwa mafungu. Vikiwa tayari, pishi zima Jumanne usiku linachukua chini ya saa moja, na hilo ndilo linaloamua kama litapikwa tena au litabaki karatasi.

Kwenye daftari la nyumbani nimeandika toleo letu: watu sita, viazi vinne, limau nusu, vitunguu vya mdogo visagwe ndani ya mchuzi. Jumamosi nakaanga vitunguu kilo mbili. Kesho kuna mkate wa sufuria, na resipe yake inasema "unga vikombe vitatu", kwa hiyo mizani haijaondoka mezani.