Uonevu wa Mtandaoni Usio na Tusi

Kila mwaka ninapowafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kutambua uonevu wa mtandaoni, hukwama mahali palepale: penye tusi au kitisho wanautambua upesi, lakini penye kicheko hawauoni kabisa.

Muhula uliopita niliandika ubaoni matukio manne yasiyo na majina, nikawataka waseme lipi ni uonevu na lipi ni utani. Akaunti bandia iliyofunguliwa kwa jina la mwanafunzi mwingine, na picha ya faragha inayotumiwa kumtisha mtu, hazikuwa na ubishi. Ubishi ulizuka kwenye stika ya msichana aliyesinzia darasani akiwa mdomo wazi, ambayo ilizungushwa katika makundi ya WhatsApp jioni nzima. (Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, kwa hiyo mambo haya hupikwa nyumbani usiku na kupakuliwa darasani asubuhi.) "Mwalimu, si utani tu huo?" aliuliza mmoja, na nusu ya darasa ikamuunga mkono.

Niliwarudisha kwenye utani wa wazee wao. Mngoni na Mhehe hutaniana ana kwa ana, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na siku ya msiba mtani huyohuyo mwenye kejeli huja kusaidia kazi. Aliyetiwa kwenye stika hajui ni nani aliyeanza, hana wa kumrudishia, na kesho ataikuta kwa watu asiowafahamu.

Tukio la nne lilikuwa kundi la darasa zima isipokuwa mwanafunzi mmoja. Karibu wote walisema si uonevu, kwa kuwa hakuna aliyeandikiwa neno baya, na nakiri kwamba hata sheria hainisaidii sana hapo: kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kinamhusu anayemtumia mwenzake mawasiliano kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, ilhali huyu aliyeachwa nje hakutumiwa chochote. Ndipo msichana wa dawati la nyuma, ambaye huongea kwa nadra, aliposema, "Lakini asubuhi akiingia, sote tunacheka kitu asichokijua." Darasa likanyamaza.

Kengele ilipolia, mvulana mmoja alibaki akijifanya kufuta ubao. Alitaka kujua kama stika inaweza kurudishwa. Nilimweleza kwamba aliyoituma anaweza kuifuta kwenye kundi iwapo muda haujapita, ila waliokwisha kuihifadhi wanayo kwenye simu zao. Alianza kuwahesabu kwa vidole, akafika wa kumi na moja, akaacha.